Alishinda Nani, Mimi au Baiskeli ya Shemeji?

Mimi sina subira na mtu anayesifia sufuria wakati aliyepika amesimama mbele yake anatoka jasho. Kwa hiyo nikifika kwenye habari ya baiskeli ya shemeji na sauti ikapanda, mnivumilie. Nimeolewa katika kijiji kimoja cha Shinyanga Vijijini, upande wa kuelekea machimbo ya Mwakitolyo, na huko nimevumilia mengi. Nimevumilia vumbi, nimevumilia mawifi, nimevumilia mume anayekoroma. Lakini kuambiwa kwamba ushindi wangu ni wa chuma nilichokikalia mwenyewe, hapana, hilo lilinishinda.

Shemeji ninayemsema ni kaka mkubwa wa mume wangu. Kazi yake ni kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Mchana anashinda machimboni na mizani yake midogo, jioni anarudi na maneno ambayo mizani hiyo haiwezi kuyabeba. Mwaka mmoja alikwenda Geita mjini kwa shughuli zake, akarudi na baiskeli ya mashindano aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Jamani, ilikuwa nyembamba! Tairi zake kama zimefunga saumu, siti ngumu, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Shemeji mwenyewe hakuipanda hata siku moja, maana tumbo lake na ule usukani havikupatana. Aliitundika ukutani sebuleni akaifunika kitambaa cha kufuma, kile ambacho watu wengine wanafunikia redio. Mgeni akija, anakaribishwa kiti, kisha kitambaa kinafunuliwa.

Mimi nilikuwa na baiskeli yangu nyeusi, nzito, yenye keria ya chuma nyuma. Kwetu Usukumani mwanamke kuendesha baiskeli si jambo la kushangaza watu. Ndiyo inayobeba madumu ya maji, ndiyo inayopeleka mahindi mashineni na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mnadani, na siku nyingine inabeba mgonjwa. Nimeiendesha nikiwa mjamzito, nimeiendesha na mtoto mgongoni na kuku watatu wamening'inia usukani wakinipigia kelele. Kwa hiyo miguu ninayo. Sijisifu, nasema tu kwamba ninayo.

Kila mwaka pamba ikishauzwa kunakuwa na mashindano ya baiskeli, ya wanaume na ya wanawake. Nilikuwa nashiriki na nilikuwa siambulii zaidi ya sabuni na kanga. Mwaka ninaousimulia, mdhamini alikuwa mwenye karasha mmoja, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu, na alikuwa na mkono mpana. Wanaume watashindania dume, akasema, na wanawake watashindania mtamba, jike ambaye hajazaa bado. Huyo mtamba aliletwa mapema akafungwa kwenye nguzo ya goli ili kila mtu amwone. Mwekundu, ana doa jeupe kwenye paji la uso, macho ya upole. Nilipomwona moyo ulinipiga paa.

Nieleze kwa nini. Katika boma letu ng'ombe wapo, wala si haba, lakini wote ni wa baba mkwe, na wasipokuwa wa baba mkwe ni wa wanawe. Mimi nawakamua, nawapeleka josho, nazoa mavi yao, mmoja akiugua silali. Nikisema tuuze hata mmoja mtoto wangu aende shule ya bweni, naambiwa nisubiri wanaume wakae kikao. Wakikaa, wanakunywa, wanaongea habari za mvua, wanaondoka. Nilitaka ng'ombe mmoja wa kwangu. Mmoja tu, ambaye akipita barabarani watu waseme, yule ni wa mama yule pale. Nilimtaka mpaka nilikuwa naona aibu kumwambia mtu.

Sasa sikiliza mambo yalivyokwenda. Shemeji alikuwa ameileta baiskeli yake, imeng'arishwa, kwa ajili ya mbio za wanaume. Alikuwa ameahidiana na kijana mmoja wa Kahama, mwendesha baiskeli hodari, aje aipande. Kijana hakutokea. Zilikuja habari kwamba kuna rashi, dhahabu imeonekana sehemu mpya upande wa Nyarugusu, na kijana ameshika sururu badala ya usukani. Wanaume wakaondoka, vumbi likatulia, shemeji amebaki ameshika baiskeli yake kama mtu aliyeachiwa mtoto wa mwenziwe. Nilimwonea huruma, nikacheka kidogo, nikaenda zangu kwenye mstari wa wanawake.

Nilipofika tu, tairi langu la mbele likasema fyuuu. Mwiba wa mgunga, mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Sikuwa na kiraka wala solusheni, na mwamuzi ameshainua kibendera. Nilitaka kulia. Ndipo shemeji, kwa hasira zake na kwa kunikebehi, akasema mbele za watu, "Haya shemeji, si unajiona, panda hii basi! Angalau itembee, isirudi nyumbani bila kuona barabara." Watu wakacheka. Nikajifunga kanga vizuri, nikaing'oa mikononi mwake kabla hajabadili mawazo.

Ile siti ilinichoma vibaya. Nikachana pindo la kanga yangu kuukuu haraka haraka, nikalifunga kwenye siti, nikapanda. Pindo hilo mlikumbuke, litarudi.

Na hapa niseme kweli, kwa kuwa shemeji hasomi vitabu: baiskeli ile ilikuwa tamu. Nilikanyaga pedeli kwa nguvu ile niliyozoea ya kubeba madumu, ikaruka mbele nusura iyaache nyuma makalio yangu. Nilikuwa napita watu ambao miaka yote nilikuwa naona migongo yao tu. Upepo unaniingia mpaka kwenye meno. Nikasema moyoni, kumbe wenzetu huwa wanapata raha hivi! Usukani ulikuwa na vijiti viwili vidogo pembeni, na mimi nilidhani ni breki za akiba, za hatari. Sikuvigusa kabisa, niliogopa vitanirusha.

Lakini tulipofika mtoni mambo yakageuka. Mto wenyewe kiangazi hauna maji, ni mchanga mtupu, mzito, na njia inakatiza katikati yake. Wenzangu wenye tairi pana walikuwa wanasukuma taratibu na wanapita. Zile tairi za shemeji zilizama kama kisu kwenye ugali wa moto. Nikasukuma, haiendi. Wanawake niliowapita wakaanza kunipita, na mmoja akaniambia, "Pole dada, mrudishie mwenyewe aitundike." Aka! Nikashuka, nikaitia begani, nikakimbia nayo. Nilikimbia mchangani na baiskeli ya mtu begani, huku pedeli linanigonga ubavu, mpaka ng'ambo. Nikapanda tena, nikawafuata mmoja mmoja kwenye kile kilima cha mawe, na uwanjani nilikata utepe nikiwa wa kwanza, sioni mbele, sisikii kitu.

Niliposhuka, watu walinijia mbio. Nikatanua mikono. Wakanipita! Haki ya Mungu walinipita, wakaenda kuishika baiskeli. Wanaigusa tairi, wanaibonyeza siti, wanasema, "Chuma hiki! Chuma hiki si mchezo!" Mwanamume mmoja akavua shati lake akaifuta vumbi. Mimi niliyekuwa na vumbi mpaka kwenye kope hakuna aliyenipa hata maji. Wakapiga nayo picha na simu zao, na katika picha moja nimeonekana mkono. Shemeji alikuwa katikati anapokea pongezi za kila mtu. "Niliwaambia," anasema, "niliwaambia kitu hiki kingekuwa na mtu wa maana juu yake kingefika jana." Mtu wa maana! Na mimi nimesimama hapo hapo, nahema.

Nilikwenda kumfungua mtamba kwenye nguzo. Shemeji akaja akashika kamba. "Taratibu, shemeji," akasema, "baiskeli ni ya nani?" Nikamwambia, "Na miguu ni ya nani?" Hapo ndipo kamba ilipokuwa na mikono miwili, na kabla hatujamaliza ikapata mikono mingine.

Wa kwanza kuongezeka alikuwa mganga wa jirani. Sijawahi kwenda kwake, sijui hata rangi ya mlango wake. Alikuwa ameinama anachungulia baiskeli, akaliona lile pindo la kanga yangu lililofungwa kwenye siti. Akasimama wima, akakohoa, akawaambia watu, "Mnaona? Mimi sipendi kujitangaza." Basi! Kwetu hata ngoma mbili zikishindana uwanjani, mbina za hawa na za wale, anayevuta watu wengi haambiwi anajua kucheza, anaambiwa ana dawa kali. Watu wakakubali mara moja. Nikapiga kelele kwamba ni kanga yangu, lifungueni mlinganishe na kanga niliyovaa, wapi! Mama mmoja aliniambia kwa huruma nisijisumbue kukataa, dawa huwa haitajwi.

Wa pili, nisamehewe na kanisa lililonifungisha ndoa, alikuwa mume wangu. Alifika amechelewa, akasikiliza mabishano, akajikuna kidevu, akasema kwa upole wake wote, "Tusisahau nani alikuwa anamtuma maji kila siku." Nilimtazama mpaka akaangalia pembeni. Yaani kisima kuwa mbali, na yeye kutokwenda kuteka, hayo yote kumbe yalikuwa mazoezi aliyonipangia.

Mwenyekiti wa kitongoji akaona kamba itakatika na shingo ya mtamba itateguka. Akaamuru mtamba akae kwenye zizi lake mpaka jambo hili lizungumzwe. Yeye ni mzee mpole, mfupi, mwenye tabia ya kufumba macho anaposikiliza, na ukidhani amelala anakuuliza swali linalokukata.

Kikao kilikaa kwenye banda la kununulia pamba, ambalo lilikuwa tupu kwa kuwa msimu umeisha. Watu walijaa kama wamekuja kupokea mbegu. Baiskeli iliingizwa na kuegemezwa mbele kama shahidi, imefunikwa kitambaa chake. Shemeji akakifunua. Akaanza kueleza. Hii ni nyepesi, inua mwone. Hizi zinaitwa gia, zipo nyingi, mlimani unaweka hii, tambarare unaweka ile, miguu haichoki hata kama ni ya nani. Wazee wakainuka mmoja mmoja wakaiinua, wakarudi kukaa wakitikisa vichwa. Nilianza kuona mtamba wangu anaondoka.

Mwenyekiti akafumbua jicho moja. "Mama, pale mlimani uliweka gia gani?"

"Gia ipi?"

"Hizi, za vijiti hivi."

"Vijiti hivyo? Mimi nilijua breki za hatari," nikasema. "Sikuvigusa."

Banda zima lilipasuka kwa kicheko. Hata wale wa mganga walicheka. Shemeji akangoja kelele zitulie, akasema kwa heshima kubwa, "Hata asipozigusa, zilikuwepo." Nikainuka. Nikamwambia, shemeji, shikamoo yako ipo palepale, lakini niambie, pale mtoni ni nani alimbeba mwenzake? Maana mimi nina alama ya pedeli ubavuni na hiyo baiskeli yako haina alama yoyote ya kwangu. Na kama inashinda yenyewe, kwa nini siku ile hukuituma peke yake? Wanawake walipiga vigelegele. Nilikaa chini nikiwa najipenda sana.

Ndipo mzee mmoja wa ukoo wao akaleta habari za ng'ombe, na hapo ikawa kazi. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi huwa anawaweka wengine kwa rafiki yake awalishe. Sheria yake inajulikana na kila mtu aliyezaliwa huku: maziwa ni ya anayelisha, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Mzee akasema, baiskeli hii ni ng'ombe aliyewekwa kwa huyu mama, na ng'ombe huyo amezaa. Mtamba ni ndama. Ndama anarudi kwa mwenyewe. Akakaa.

Jamani, watu walivyolipenda jambo lile! Walilijadili kwa uchungu. Mmoja akasema mtamba hawezi kuwa ndama wa baiskeli, mtamba ni maziwa, kwa sababu amepatikana kwa kukamuliwa kwa nguvu. Mwingine akauliza, na kama ng'ombe alikuwa dume? Mwingine akasema aliyewekewa ng'ombe huwa amekaa naye miaka, huyu alikaa na baiskeli asubuhi moja. Mzee akainuka tena akafafanua kwamba maziwa yangu katika jambo hili ni makofi niliyopigiwa. "Makofi gani?" nikapiga kelele. "Hata hayo aliyapokea shemeji!"

Kijana mmoja akatoa wazo rahisi: mbio zirudiwe, mimi nipande yangu, mtu mwingine apande ya shemeji. Shemeji akakataa haraka, eti baiskeli si ya kuchezewa. Na mimi nikakataa, nikasema mshindi harudii. Lakini sababu yenyewe ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimeonja ule wepesi. Nikilala naukumbuka, na naukumbuka pia ule uzito wa begani, na kati ya hivyo viwili sikuwa na hakika hata kidogo. Nilikuwa najibu watu kwa ukali ili nisijisikie mwenyewe ninavyojiuliza.

Mwenyekiti alikuwa amefumba macho muda wote huo. Akayafumbua. Alisema wachungaji wakigombania ndama aliyechanganyika na kundi jingine, huwa wanamwachia njia panda wakamwangalia atakwenda kwa nani. Basi na huyu aachiwe. Mzee mmoja akalalamika kwamba ndama wa namna hiyo huwa anajua kwao, mtamba huyu ni mgeni, hamjui mtu. "Ndiyo vizuri," Mwenyekiti akasema, "hana upendeleo." Kila mtu akaona ni busara kubwa sana. Ikapangwa kuwa ataachiwa siku ya mnada mdogo, watu wakiwepo. Hakuna kuita, hakuna kamba, hakuna kumpiga fimbo. Mume wangu na mganga wakaambiwa wachague upande wa kusimama, na mume wangu, baada ya kunitazama usoni, alichagua upande wangu.

Mimi nilirudi nyumbani nikiwaza. Njia ya kisimani inapita nyuma ya zizi la Mwenyekiti. Kesho yake asubuhi nilisimama kidogo kumsalimia mtamba. Sheria ilikataza kuita, haikukataza kusalimia. Alikuja kwenye miti ya zizi akanilamba kiganja, na kiganja kilikuwa na chumvi kidogo ya mboga. Akaipenda! Macho yalimtoka. Keshokutwa yake nilimpelekea na kipande cha mchembe. Lakini chumvi ya mboga ikaanza kupungua ndani, na mume wangu akaanza kuuliza kwa nini mlenda hauna ladha.

Aliyeniokoa ni mke wa shemeji. Tulikutana kisimani, akaniambia, "Mwenzangu, mume wangu amenunua jiwe la chumvi, lile jekundu la kulambwa na ng'ombe, kubwa kama kichwa cha mtu. Anasema atakwenda nalo njia panda." Nikahisi maji yananimwagika. Akaangalia huku na huku, akatoa kwenye kona ya kanga kitu kilichofungwa, akanipa. Kilikuwa kipande cha jiwe lile lile. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Na mimi naikung'uta vumbi ile baiskeli kila siku, mwaka wa ngapi huu." Kila tulipokutana kisimani kona ya kanga yake ilikuwa na kitu.

Siku ikafika. Njia panda ilijaa watu kuliko mnadani. Shemeji alisimama upande wa kuelekea kwake, mbele yake kuna beseni, na ndani ya beseni lipo jiwe la chumvi, wazi kabisa bila aibu. Watu wakanung'unika. Akawauliza kama kuna aliyekataza. Mganga alikuwa nyuma yake ananyunyiza kitu chini kwa mkia wa ng'ombe, maana alishaona kule ndiko kwenye uwezo. Upande wangu nilikuwa mimi na mume wangu, mikono mitupu. Nilikuwa nimeiweka nyuma ya mgongo.

Mtamba akaachiwa. Akasimama kwanza, akanusa hewa. Kisha akageuka, taratibu kabisa, akaenda kwa shemeji. Akainamisha kichwa kwenye beseni. Akalamba. Shemeji akanitazama na kucheka kile kicheko chake cha mnunuzi aliyeshika mizani, na mimi nikajiambia basi, mama, zoea, umekosa. Mume wangu akanishika bega. Ni mara ya kwanza kunishika bega mbele za watu.

Mtamba akalamba tena mara moja, kisha akainua kichwa. Akatazama watu, upande ule, upande huu. Akaniona. Akaondoka pale kwenye beseni bila haraka, akapita katikati ya njia, akaja moja kwa moja mpaka nyuma yangu, akaingiza pua yake yenye maji kwenye viganja vyangu. Nililia. Sikujali nani ananiona, nililia kwa sauti kama mtoto.

Shemeji alikuja mbio. Akanishika mkono, akaunusa, akaulamba! Mbele za watu, mtu mzima. "Chumvi!" akapiga kelele. "Mwenyekiti, ana chumvi! Ng'ombe hakumfuata yeye, amefuata chumvi!" Kisha akautazama mkono tena, akaona wekundu wake, akatazama jiwe lake kwenye beseni, akaona kona moja imemegwa. "Na ni chumvi yangu!" Akageuka kumtafuta mkewe. Mkewe alikuwa anaangalia juu kama anayesubiri mvua.

Mwenyekiti alitembea mpaka katikati. Alifumba macho akiwa amesimama.

"Iliyoko kwenye beseni ni chumvi ya nani?"

"Yangu," shemeji akajibu.

"Na iliyoko mkononi mwa huyu mama?"

"Yangu pia, nimesema!"

"Basi chumvi ni moja, na ni yako," Mwenyekiti akasema. "Kwako lipo jiwe zima. Kwake ipo harufu tu. Mbona ng'ombe yuko kwake?"

Shemeji akarudi kwenye beseni lake, akalipakata jiwe. Mwenyekiti akaniambia, "Mama, nenda na ng'ombe wako." Alisema wako. Nilimwomba arudie, akarudia. Mganga naye akapita nyuma yangu akaninong'oneza kwamba ile dawa aliyoinyunyiza alikuwa ameielekeza upande wangu tangu mwanzo.

Ningeweza kuishia hapo, nikaonekana mtu wa maana. Lakini mwaka uliofuata kulikuwa na mashindano tena, na mimi nilikwenda na baiskeli yangu nyeusi, tairi zimezibwa vizuri, nikapiga pedeli mpaka nikaona nyota mchana. Nikawa wa tatu. Nilipata sabuni. Shemeji alinisubiri kwenye utepe akiwa na kundi lake, akaruka juu, na lile tumbo, akapiga kelele, "Nilisema! Nilisema!" Iliniuma, niseme ukweli, na inaniuma hadi leo, kwa sababu huenda alikuwa na haki kidogo. Kiasi gani, sijui. Wawili walionitangulia ni wale niliowaacha mbali nikiwa juu ya baiskeli yake, na safari hii wao ndio walikuwa na baiskeli nyepesi. Lakini mtoni nilikuwa wa kwanza, hilo mkaulize.

Muda si mrefu mtamba alizaa. Ndama jike, mwekundu, na doa lile lile. Nilingoja mpaka maziwa yakawa safi ya kunywa, nikajaza kibuyu, nikaenda kwa shemeji jioni. Alikuwa sebuleni, chini ya baiskeli yake.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba, wa tatu," akasema, anacheka.

"Nimekuletea maziwa. Ya yule ng'ombe."

Akashangaa, akakaa vizuri. Uso ulimlainika, akanionea hata huruma. "Yaani hatimaye umekubali kwamba baiskeli yangu nayo ilikuwa na fungu lake?"

"Nimekubali, shemeji. Ndiyo maana nimekuletea maziwa. Ndama nimebaki naye."

Alikuwa ameshakipeleka kibuyu mdomoni. Kikaishia hapo hapo. Yeye ni Msukuma wa kuzaliwa, hakuna haja ya kumwambia maziwa huwa ni ya nani na ndama huwa ni wa nani. Jikoni nilimsikia mkewe anaangusha mwiko. Shemeji akatazama baiskeli ukutani, akatazama kibuyu. Kisha akanywa yote mpaka mwisho, akafuta midomo, akaniuliza kesho nitaleta saa ngapi.